Mtungi wa Gesi Uliokwisha kwa Wiki Mbili: Uchambuzi wa Kisa cha Uvujaji katika Mtambo wa Kegi za Nyumbani

Usuli

Kisa hiki kilitokea katika nyumba moja ya wilaya ya Kinondoni, Dar es Salaam, ambako mwenye nyumba hutengeneza bia na kinywaji cha tangawizi kwa ajili ya familia na wageni wake. Jina lake, mtaa anaoishi, fundi aliyenitangulia na kituo kinachomjazia gesi havitajwi. Vipimo vimeachwa kama vilivyosomwa kwenye mizani na geji, kwa kuwa bila vipimo hivyo kisa kizima kingebaki kuwa masimulizi ya watu waliopaka sabuni hadi wakabahatika.

Mtambo wenyewe ni wa kawaida. Ndani ya friji kuukuu iliyowekwa stoo kuna kegi tatu, yaani vyombo vya chuma cha pua vya kuhifadhia na kumiminia kinywaji, kila moja ya lita 19, za aina ile yenye mfuniko wa umbo la yai unaoingizwa ndani ya kegi, kisha ukavutwa juu na kubanwa kwa kishikio. Mtungi wa hewa ukaa (kaboni dioksidi, gesi inayotia kinywaji mapovu) wa kilo 5 unasimama nje ya friji ukiwa umefungwa mnyororo ukutani. Kutoka kwenye regulata, mpira mmoja unapita kwenye tundu lililotobolewa ubavuni mwa friji hadi kwenye bomba la mgawanyo lenye koki tatu, na kila koki inalisha kegi yake kwa mpira mfupi unaoishia kwenye kichwa cha kuchomeka. Ukihesabu nati, washa, oringi (pete za mpira za kuziba) na kila ncha ya mpira, utapata zaidi ya sehemu ishirini ambapo gesi inaweza kutoroka.

Kabla ya kueleza kilichotokea, ni lazima ijulikane mtambo wa namna hii unapaswa kutumia gesi kiasi gani, maana hapo ndipo uchunguzi wote ulipoegemea. Lita moja ya kinywaji chenye gesi ya wastani hubeba takriban gramu 5 za hewa ukaa, hivyo kegi nzima huhitaji gramu 95 hivi. Bia iliyochachuka yenyewe huhitaji pungufu ya hapo, kwa sababu sehemu ya gesi ya uchachukaji imekwisha kubaki ndani yake. Kusukuma kinywaji hicho nje kwa presha ya bari 0.8 katika nyuzi 4 hadi kegi iwe tupu huacha ndani yake gramu 65 nyingine za gesi. Jumla haivuki sana gramu 160 kwa kegi, na kwa hiyo mtungi wa kilo 5 unapaswa kutosha kegi thelathini au zaidi. Mwenye nyumba alikuwa amemimina kegi mbili tu mtungi wake ulipokwisha.

Mfuatano wa matukio

Mtungi wa kwanza ulikwisha katikati ya miezi ya kaskazi, baada ya wiki mbili. Mwenye nyumba aliamini kwamba kituo hakikuujaza. Dhana hiyo haikuwa ya kipuuzi, lakini ilikuwa rahisi kuipima, na mtungi uliofuata ulipoletwa ulipimwa kwenye mizani ya duka la jirani: ukitoa uzito wa mtungi mtupu uliogongwa kwenye bega lake, gesi iliyokuwemo ilikuwa kilo 5 kamili. Kituo kikaondoka kwenye orodha ya watuhumiwa, na mtungi wa pili nao ukaisha kwa muda uleule.

Katika kipindi hicho chote geji ya upande wa mtungi ilikuwa ikionyesha karibu bari 70, na ilianza kushuka waziwazi siku chache tu kabla ya gesi kwisha. Hivyo ndivyo geji hiyo inavyofanya kazi, wala haikuwa na hitilafu. Hewa ukaa mtungini iko katika hali ya kimiminika chenye mvuke juu yake, na presha ya mvuke huo hufuata joto, haifuati kiasi kilichobaki: katika nyuzi 20 ni takriban bari 57, katika nyuzi 30 ni takriban bari 72, mtungi uwe umejaa au umebaki karibu nusu, maadamu kimiminika bado kimo. Ukiuingiza ndani ya friji geji itashuka hadi bari 40 hivi bila gramu moja kupotea. Stoo za Dar es Salaam katika kaskazi huvuka nyuzi 31, na juu ya joto hilo hewa ukaa haiwi kimiminika hata ikibanwa namna gani, jambo linaloifanya geji iwe mshauri mbaya zaidi.

Mwenye nyumba alifanya jaribio moja yeye mwenyewe. Jioni moja, baada ya kuweka tangawizi mpya kwenye kegi na kuipa presha ya bari 2, alifunga koki ya mtungi. Asubuhi geji ikasoma bari 1.1. Aliona amethibitisha kuna uvujaji. Kwa kweli jaribio hilo halikuthibitisha wala kukanusha chochote, kwa sababu kinywaji kipya kilikuwa kikimeza gesi usiku kucha, na kupoa peke yake, kutoka nyuzi 30 hadi 4, kunatosha kuishusha gesi iliyofungiwa kutoka bari 2 hadi 1.7 hivi.

Ndipo alipoitwa fundi wa kwanza, mtu mwenye uzoefu wa friji na mabomba. Ili apate nafasi ya kufanya kazi alizitoa kegi zote nje ya friji pamoja na mipira yake, akapandisha presha hadi bari 2 ili, kama alivyoeleza, uvujaji ujitokeze wazi, kisha akapaka povu la sabuni kila mahali. Alipata viputo vidogo kwenye nati inayounganisha regulata na mtungi, kiputo kimoja kwa sekunde hivi. Aliifungua nati, akaizungushia tepu nyeupe ya mafundi bomba kwenye uzi wake, akaikaza kwa spana kubwa, viputo vikakoma. “Mzee, hapa pamekwisha,” alisema, na mwenye nyumba akamlipa akiwa ameridhika. Mtungi wa tatu ulipoanza kuisha haraka kama ile ya awali, nikaitwa mimi.

Kuna jambo moja ambalo mwenye nyumba alilitaja pembeni tu nilipomhoji, na ambalo kwangu lilikuwa ushahidi wa kwanza wa maana. Alisema kila afunguapo friji asubuhi na kuinama, hewa ya humo humchoma puani, naye alidhani ni ukali wa tangawizi. Hewa ukaa haina harufu, lakini ikiwa nyingi huungana na unyevu wa pua na kuwa tindikali hafifu inayochoma. Uvujaji mkubwa ulikuwa ndani ya friji, na nati iliyotengenezwa ilikuwa nje.

Maamuzi na sababu zake

Uamuzi wa kwanza ulihusu uhai wa watu. Stoo ile ina mita 13.5 za ujazo, haina dirisha, na watoto huingia humo kuchukua maji ya kunywa. Kilo 5 za hewa ukaa zikiachiwa zote huwa takriban mita 2.8 za ujazo, yaani sehemu moja ya tano ya hewa ya chumba kile. Ukomo unaotumika kwa wingi mahali pa kazi kwa saa 8 ni asilimia 0.5, na asilimia 4 huhesabiwa kuwa hatari ya papo hapo. Hata uvujaji wa polepole, mlango ukifungwa usiku mzima, ungeweza kuuvuka ukomo ule wa chini. Gesi hii ni nzito kuliko hewa na hutulia chini, kimo cha watoto. Tuliamua kwamba mlango wa stoo ubaki wazi, watoto wasiingie hadi kazi iishe, na koki ya mtungi ifungwe kila wakati ambapo hakuna jaribio linaloendelea.

Uamuzi wa pili ulikuwa kukokotoa ukubwa wa uvujaji kabla ya kuutafuta. Ukitoa gesi iliyotumika kihalali, mtungi ulipoteza takriban kilo 4.7 kwa siku 14, sawa na gramu 14 kwa saa. Kwa joto la Dar es Salaam hiyo ni karibu lita 8 za gesi kwa saa, au mililita 130 kwa dakika. Kiputo kimoja kidogo kwa sekunde hakifikishi hata mililita 5 kwa dakika. Kwa maneno mengine, nati aliyoitengeneza fundi wa kwanza haikuweza kueleza hata sehemu ndogo ya hasara, na kama hesabu hii ingefanywa siku ile, asingefunga mkoba wake wa vifaa.

Uamuzi wa tatu ndio ulioumaliza mkasa: majaribio yote yafanyike kegi zikiwa ndani ya friji, zikiwa baridi, kwa presha ileile ya bari 0.8 inayotumika kila siku, na vinywaji vikiwa vimekwisha kushiba gesi. Badala ya geji tulitumia mizani ya kidijitali ya dukani, inayobeba kilo 30 na kusoma kwa hatua za gramu 5. Mtungi pamoja na regulata vilisimamishwa juu ya mizani, mpira ukafungwa ukutani ili usivute wala kusukuma, na mtu yeyote akakatazwa kuugusa. Kwa kiwango cha gramu 14 kwa saa, saa nne tu zingetosha kuonyesha tofauti isiyo na shaka.

Usiku wa kwanza, koki zote zikiwa wazi na hakuna anayemimina, mizani ilishuka gramu 170 kwa saa 12. Hesabu na mizani vilikubaliana. Asubuhi tulifunga koki tatu za bomba la mgawanyo, na kwa saa nne mizani haikusogea, maana yake ni kwamba mtungi, regulata, mpira mkuu na bomba lenyewe havikuwa na uvujaji mkubwa. Kisha tulifungua koki moja moja. Kegi ya kwanza haikupoteza kitu. Ya pili ilipoteza gramu 15 kwa saa nne, na ya tatu gramu 40. Ni baada ya hapo tu povu la sabuni lilipochukuliwa, nalo likapakwa sehemu chache za kegi mbili, si sehemu zaidi ya ishirini za mtambo mzima.

Kupaka povu ndani ya friji katika hali ya hewa ya pwani kuna udhia wake. Mlango ukifunguliwa, unyevu hutua mara moja kwenye chuma baridi kama umande, nao huyeyusha sabuni na kuyavunja mapovu kabla hayajakua. Tulifuta kila kiungo kwa kitambaa kikavu, tukapulizia sabuni nzito papo hapo, tukatazama kwa tochi. Friji ilizimwa kwa dakika chache ili ngurumo ya mashine yake isifiche sauti.

Kilichopatikana

Kwenye kegi ya tatu povu lilifura upande mmoja wa mfuniko. Tulipandisha presha hadi bari 2 na povu likatulia kabisa. Tuliposhusha hadi bari 0.8, baada ya muda likaanza tena. Mfuniko wa kegi hizi hubanwa kutoka ndani, hivyo presha yenyewe ndiyo inayousukuma dhidi ya oringi, na kadiri presha inavyokuwa kubwa ndivyo unavyoziba vizuri. Jaribio la bari 2 lilikuwa linaponya ugonjwa kwa muda wa jaribio. Tulipouondoa mfuniko tuliikuta oringi imevimba na kuwa laini kama sabuni iliyolowa, kwa sababu kila alipofunga kegi mwenye nyumba aliipaka mafuta ya mgando. Mafuta ya jamii ya petroli huvimbisha na kulegeza aina kadhaa za mpira, ikiwemo EPDM inayotumika sana kwenye oringi za kegi.

Kwenye kegi ya pili tatizo lilikuwa ncha ya mpira inapoingia kwenye kichwa cha kuchomeka. Klipu yake ilikuwa ya chuma cha kawaida, imeshika kutu kwa chumvi ya hewa ya bahari, na ilikuwa imekazwa siku mtambo ulipofungwa, nje ya friji, mpira ukiwa vuguvugu na laini. Mpira wa plastiki ukipoa hadi nyuzi 4 hukakamaa na kusinyaa kidogo, nayo klipu iliyoonekana imebana sana mchana inabaki imeshika kitu chembamba zaidi. Tulimwonyesha mwenye nyumba waziwazi: tulipoutoa mpira ule nje na kuuacha upate joto la stoo kwa nusu saa, povu lilikoma bila kuguswa na bisibisi.

Nati ya mtungi nayo ilichunguzwa upya. Tepu nyeupe iliondolewa yote. Muungano ule hauzibi kwenye uzi bali kwenye washa bapa iliyo kati ya nyuso mbili, na tepu iliyoingia hapo inaweza kuizuia nati isikae sawasawa au kuacha vipande vitakavyoingia kwenye regulata. Washa ilikuwa imepondeka kwa kukazwa kupita kiasi, ikabadilishwa, na nati ikakazwa kwa kiasi.

Matengenezo

Oringi za mifuniko yote mitatu zilibadilishwa na kupakwa kiasi kidogo cha grisi ya silikoni ya vyakula. Klipu zote ndani ya friji zilibadilishwa kwa za chuma kisichoshika kutu. Ncha za mipira zilichovywa kwenye maji ya moto, zikasukumwa hadi mwisho, zikakazwa, na kesho yake zikakazwa tena zikiwa baridi. Huo ukazaji wa pili ndio unaosahaulika na ndio wenye kazi. Kila kegi ilipofungwa ilipewa bari 2 kwa dakika chache ili mfuniko ukae mahali pake, kisha gesi ya ziada ikaachiwa kwa vali ya usalama na presha ikarudishwa bari 0.8.

Hatukubadilisha oringi za midomo ya gesi wala vali ndogo za springi zilizomo. Mwenye nyumba alitaka tubadilishe kila kitu “ili yaishe.” Nilimshauri asifanye hivyo, kwa sababu mizani na povu vilikuwa vimeonyesha kwamba sehemu hizo hazivuji, na kila kiungo kinachofunguliwa bila sababu ni nafasi mpya ya kufungwa vibaya.

Matokeo

Kwa saa 24 baada ya kukaza mara ya pili mizani haikusogea. Uvujaji uliokuwa mdogo kuliko hatua moja ya mizani ulitafutwa kwa povu peke yake, sehemu baada ya sehemu, na haukuonekana. Kegi nne zilizofuata zilitumia jumla ya gramu 640, yaani gramu 160 kwa kila moja, ambayo ni ile hesabu ya mwanzo. Hewa ya friji haimchomi tena mwenye nyumba puani.

Uchambuzi

Fundi wa kwanza hakuwa mzembe. Alitumia povu, chombo sahihi, na alipata uvujaji halisi. Kilichomkwamisha ni kwamba mazingira ya jaribio lake yaliondoa yale yaliyousababisha uvujaji mkubwa: aliitoa mipira kwenye baridi ikalainika, na alipandisha presha mfuniko ukaziba. Imani kwamba presha kubwa hufichua zaidi ni ya kweli kwa nati, uzi na mipira iliyopasuka, lakini kwa mfuniko unaozibwa na presha yenyewe ni kinyume kabisa. Kama ningelazimika kuchagua jambo moja la kuwaambia mafundi wenzangu wa jiji hili, ambako tofauti kati ya stoo na friji hufika nyuzi 27, ni kupima mtambo ukiwa katika hali inayolalamikiwa, hata kama hali hiyo inamlazimu mtu ajikunje ndani ya friji akiwa na tochi mdomoni.

Kosa la kusimama kwenye kiputo cha kwanza linafanana na hilo, na dawa yake ni hesabu. Wengi wetu tumejifunza povu la sabuni kwenye mitungi ya gesi ya kupikia, ambako uvujaji wowote, hata mdogo, ni hatari ya moto, na ukiupata mmoja una haki ya kuona umefanya kazi kubwa. Hewa ukaa haiwaki. Swali lake la kwanza ni kama ulichokipata kinatosha kueleza kilichopotea. Gramu kwa saa ndizo zinazojibu. Aidha, mazoea ya gesi ya kupikia yasivuke mpaka kwa upande wa vifaa: regulata ya jiko haikutengenezwa kwa mtungi wenye bari 70, na kuiunganisha kwake ni kuhatarisha maisha.

Mizani ilifaulu kwa sababu ilitumika ndani ya mipaka yake. Kwa uvujaji wa kiputo kimoja kwa sekunde, usiku mzima haungefikisha hatua moja ya gramu 5, na povu lingekuwa bora kwa mbali. Mizani ilipunguza eneo la kutafuta, povu likaonyesha mahali. Kuanza na povu bila mizani ndiko kulikogharimu mtungi wa tatu. Jaribio la kufunga koki na kutazama geji lina nafasi yake pia, ilimradi kinywaji kiwe kimekwisha kushiba na joto lisibadilike, sharti ambalo umeme ukikatika usiku huvunjika bila mtu kujua: kegi hupata joto, gesi hutoka kwenye kinywaji, geji hupanda, na umeme ukirudi hushuka tena kana kwamba kuna kitu kimevuja.

Linabaki suala ambalo mimi na mwenye nyumba hatujakubaliana kikamilifu. Yeye angependa kufunga koki ya mtungi kila usiku, hata sasa mtambo ukiwa mzima. Wakati wa uchunguzi niliamuru hivyo kwa ajili ya usalama, lakini kama tabia ya kudumu naona ina gharama: kegi yenye tundu dogo ikikosa kulishwa presha yake hushuka, mfuniko hulegea, kinywaji hupoteza gesi, na dalili ya uvujaji inafichwa badala ya kuonekana kwenye mizani. Yeye anajibu kwamba watoto wake wanalala vyumba viwili kutoka stoo, na hoja hiyo siwezi kuipuuza. Tulichofanya ni kutoboa matundu ya hewa sehemu ya chini ya mlango wa stoo na mengine juu, kuuacha mtungi juu ya mizani moja kwa moja, na kubandika karatasi ukutani ambapo uzito unaandikwa kila Jumapili kando ya idadi ya kegi zilizomiminwa. Akiona zaidi ya gramu 200 kwa kegi, atafunga koki na kuanza na kegi moja moja, zikiwa ndani ya friji.